Vita Kuu Iliisha Lini Tanga?

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya bandari ya Tanga na ujumbe mfupi: mji usalimu amri ndani ya saa moja, la sivyo utapigwa mizinga. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dkt. Auracher, alipanda melini, akamsikiliza Kapteni Caulfeild, kisha akajibu kwamba jambo hilo limemzidi kimo, lazima kwanza awasiliane na wakubwa wake. Akarudi pwani. Saa moja ikapita, bendera ya Kijerumani ikabaki mlingotini. Siku tatu baadaye Waingereza ndio waliokuwa wakikimbilia meli zao, wakiacha nyuma maiti kwa mamia, bunduki 455, rashasha 16 na risasi 600,000.

Sehemu hiyo ya hadithi inajulikana. Kisichozungumzwa sana ni namna vita ile ilivyokwisha. Ukiuliza, utatajiwa tarehe 11 Novemba 1918, siku bunduki ziliponyamaza Ulaya. Aliyesoma zaidi atakutajia tarehe 25 Novemba mwaka huohuo, siku Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Makala haya yanadai kwamba kwa Tanga na pwani yake tarehe hizo mbili hazitoshi. Mwisho wa vita ulikuja kwa mafungu: jeshi likajisalimisha, mali ikagawanywa, na madeni ya watu wa chini yakaahirishwa. Kila fungu lilikuwa na siku yake na wahusika wake, na mwenyeji wa Tanga hakuitwa kwenye hata moja.

Pwani iliyokwisha kuyaona

Kusalimu amri hakukuwa jambo geni pwani hii. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani kwa ubabe wa wakala wake, Emil von Zelewski, na watu wakainuka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza upande wa Pangani, Bwana Heri bin Juma akaongoza Sadani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa kutoka Sudan na Msumbiji. Julai 1889 Pangani na Tanga zikaanguka.

Viongozi hao wawili walipata miisho tofauti. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alipigana mpaka watu wake wakashikwa na njaa, akajisalimisha Aprili 1890, akasamehewa na kuruhusiwa kuujenga upya mji wake wa Sadani. Wissmann hakufanya hivyo kwa huruma tu. Mashamba yalikuwa yameachwa, misafara ya biashara imekatika, na hakuwa na mtu wa kuwarudisha watu makwao isipokuwa yuleyule waliyemtii vitani. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya somo letu: mshindi anamhitaji mtu wa upande ulioshindwa ambaye neno lake bado linasikika. Akimnyonga huyo, atabaki na ardhi bila wa kuzungumza naye.

Kanuni ya pili ilionekana miezi mitatu baadaye. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wao kuhusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, na Sultani wa Zanzibar akalipwa marki milioni 4 aiachie Ujerumani pwani ya Mrima. Bwana Heri alijisalimisha Sadani, lakini hatima ya Sadani ikaandikwa Berlin. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa pwani hii, aliitungia vita ile utenzi mzima, na ni bahati kwamba tunayo sauti ya upande huo. Kwa vita iliyofuata, sauti kama hiyo ni haba.

Mji ulioahidiwa kuachwa salama

Agosti 1914 Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita kwenye miji ya pwani. Alikuwa na reli mbili, mashamba ya mkonge na mpira, shule na hospitali, na hakuwa na meli za kuvilinda. Baada ya manowari ya Kiingereza Astraea kuushambulia mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam tarehe 8 Agosti, yalifikiwa mapatano: Dar es Salaam na Tanga zisifanye uadui wowote, nazo zisishambuliwe. London ikayakataa mapatano hayo, lakini Tanga haikuarifiwa mpaka Fox ilipowasili mwezi Novemba.

Hapo ndipo hesabu za Wajerumani wenyewe zilipogongana. Schnee alitaka koloni libaki zima mpaka Ulaya iamue. Lettow-Vorbeck, aliyefika Januari mwaka huo kuongoza jeshi, aliona koloni ni chambo cha kuwavuta askari wa Uingereza mbali na Ulaya, liungue au lisiungue. Wakati Auracher anaomba muda melini, treni za reli ya Usambara zilikuwa zikijiandaa kuteremsha askari kutoka Moshi. Meja Jenerali Arthur Aitken alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliochoka kwa safari ndefu ya bahari. Lettow hakuzidi watu 1,000 na ushei, na akashinda.

Ushindi ule ulizima swali la kusalimu amri kwa miaka minne. Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Waarabu na Wahindi wa Tanga, ambao nyumba zao ndizo zilizogeuzwa ngome tarehe 4 Novemba, hawakuulizwa kama wangependa mji uachwe salama.

Jasini, Januari 1915

Kama kuna mahali pa kuangalia kujisalimisha kwa karibu, ni Jasini, kijiji cha mpakani ambacho leo kimo Wilaya ya Mkinga. Waingereza walikuwa wameweka hapo kikosi cha kombania nne za wanajeshi wa Kihindi. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow aliwazingira kwenye shamba la mkonge. Jua lilikuwa kali, maji yakapungua, risasi zikaisha. Kanali Raghbir Singh wa kikosi cha Kashmir akauawa. Asubuhi ya tarehe 19 bendera nyeupe ikapandishwa.

Lettow aliwapongeza maofisa wawili wa Kiingereza, Kapteni Hanson na Kapteni Turner, akawarudishia panga zao na kuwaachia huru kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita hiyo. Askari wa Kihindi wakaenda kifungoni. Heshima ya kijeshi ilikuwa ya kweli, lakini ilipimwa kwa cheo na rangi.

Jasini ilikuwa na matokeo makubwa kuliko ukubwa wake. Lettow alipoteza pale maofisa wengi ambao hakuwa na namna ya kuwapata wengine, yeye mwenyewe akajeruhiwa, na risasi zipatazo 200,000 zikateketea. Aliandika baadaye kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana mapigano matatu zaidi ya aina ile, basi. Meli ya Rubens iliyokwepa kizuizi na kuingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, tarehe 14 Aprili 1915, ilimwongezea silaha na risasi, nyingi zikiopolewa majini na kuanikwa. Hata hivyo uamuzi ulikwisha kufanyika: asipigane mpaka mwisho popote, apige na kuondoka. Vita vya namna hiyo havina siku ya kuisha. Na jeshi linalohama kila siku bila reli wala magari hubebwa mabegani mwa watu. Uamuzi uliotokana na Jasini ndio uliomweka mpagazi katikati ya vita.

Julai 1916: mshindi ambaye hajashinda

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts alianza kuteremka kutoka Kilimanjaro kufuata reli ya Usambara. Mwezi Juni akachukua Wilhelmstal, yaani Lushoto, kisha Korogwe na Handeni. Tanga ilichukuliwa tarehe 7 Julai 1916 bila mapigano ya maana, kwa kuwa Wajerumani walikwisha ondoka. Pangani ikafuata mwezi huohuo, Bagamoyo Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba.

Angalia kilichokosekana: hakuna aliyesalimu amri. Gavana Schnee alikuwa akisafiri na jeshi kuelekea kusini, na serikali yake haikuwa imekoma kisheria. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinasema jeshi linalokalia nchi ya adui ni mwangalizi wa muda, nalo linatakiwa kuziheshimu sheria lilizozikuta isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Kwa hiyo kuanzia Julai 1916 mpaka Novemba 1918, miaka miwili na ushei, Tanga iliishi chini ya mshindi ambaye alikuwa hajashinda.

Utawala wa kiraia wa sehemu za kaskazini ulikabidhiwa kwa Horace Byatt, na makao yake ya mwanzo yakawa Wilhelmstal, mlimani, kwenye majengo ya Wajerumani. Byatt hakuwa na watu, kwa hiyo alifanya kama Wissmann alivyofanya Sadani: aliwategemea waliokuwepo. Maliwali, maakida na majumbe wakaendelea kukusanya kodi na kuamua kesi, safari hii kwa niaba ya mfalme mwingine. Makarani waliotoka shule ya serikali ya Tanga, iliyokuwa chimbuko la gazeti la Kiongozi, walijua Kiswahili cha ofisini, na Mwingereza alikihitaji. Mwananchi wa kawaida aliona sare zimebadilika, lakini mtu anayegonga mlango ni yuleyule.

Wapo waliopata nafuu ya kweli. Walimu na mapadri Waafrika wa misheni ya Kianglikana ya Magila, Bonde, walikuwa wameteswa na Wajerumani kwa kudhaniwa wapelelezi, na wengi walifungwa bara. Miongoni mwa wafungwa wa Tabora alikuwamo Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma Kiungani, Zanzibar. Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916 akaachiwa, na baadaye akawa karani mwenye cheo kikubwa Tanga. Upande wa pili, wamisionari wa Kijerumani wa Usambara walifukuzwa nchini mwaka 1920, wakawaachia walimu na wazee wa Kisambaa kanisa waliloliongoza wenyewe kwa miaka kadhaa. Kukaliwa na jeshi la kigeni kunafunga milango, na kunafungua mingine bila kukusudia.

Mzigo mkubwa ulikuwa kazi. Mwaka 1917 Waingereza walifanya msako mkubwa wa wapagazi katika Kenya na katika wilaya walizokuwa wameziteka. Kwa vita nzima Uingereza iliandikisha wapagazi na vibarua wapatao milioni moja, na vifo vilivyoorodheshwa ni zaidi ya 95,000, hasa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Hao ni wa upande mmoja tu. Mtu aliyebeba mizigo ya Wajerumani mwaka 1915 aliweza kujikuta amebeba ya Waingereza mwaka 1917, kwa njia ileile, dhidi ya waajiri wake wa jana. Ukimwambia vita ilikwisha Tanga tarehe 7 Julai 1916, atakushangaa.

Mbala, na karatasi za deni

Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, akawapiga Wareno Ngomano. Siku tatu baadaye Kapteni Tafel, aliyekuwa akimtafuta ili waunganike, alijisalimisha karibu na Newala na zaidi ya askari elfu moja, kwa sababu chakula kilikwisha. Mfano huo watu huusahau, lakini ndio wa kawaida zaidi: majeshi mengi hujisalimisha kwa njaa kabla ya risasi.

Mwaka mmoja baadaye Lettow alikuwa Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 13 Novemba 1918 watu wake walimkamata mjumbe wa Kiingereza wa pikipiki akiwa na barua inayosema kwamba vita imesimama Ulaya. Habari ilimkuta kamanda huyo na ushindi mdogo wa karibuni, hana pa kwenda, na hana habari kwamba Kaiser amekwisha ondoka. Mkataba wa kusimamisha vita ulikuwa na kifungu kinachoihusu Afrika Mashariki. Rasimu ya kwanza ilitaka majeshi ya huku yajisalimishe bila masharti, Wajerumani wakafanikiwa kuibadili isomeke kuwa yataondoka nchini. Neno la Ulaya halikuzuia lililofanyika Mbala. Tarehe 25 Novemba Lettow alisimama mbele ya Jenerali Edwards na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, wapagazi wapatao 1,500 na wanawake waliofuatana nao, akakabidhi silaha ambazo nyingi zilikuwa zimeporwa kwa Waingereza na Wareno haohao. Kutoka askari wapatao 11,000 wa mwanzoni mwa mwaka 1916, hao ndio waliobaki. Wengine walikuwa wamekufa, wametekwa au wameamua vita haiwahusu tena na kurudi kwao. Sifa ya uaminifu wa askari, iliyopambwa sana Ujerumani baadaye, inawaruka hao wa mwisho.

Askari na wapagazi walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Lettow mwenyewe anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba deni lilikuwa kama rupia milioni moja na nusu, akamtuma ofisa kwa baiskeli mpaka Bismarckburg, Kasanga ya leo, kuwaomba Waingereza au Wabelgiji fedha hizo. Alijibiwa kwamba jambo linafikiriwa. Mwishowe kila askari na mpagazi akapewa karatasi inayoonyesha anachodai, wakapelekwa kambini Tabora, ambako homa ya mafua ya mwaka ule iliwaua wengi. Wazungu wakarudishwa Ulaya. Machi 1919 Lettow alipita kwa farasi chini ya lango la Brandenburg, Berlin, watu wakimshangilia.

Dawa ya deni ni kulipa, nayo hii ilichelewa kupita kiasi. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba wazee mia tatu na kitu walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Wasio na karatasi walipewa ufagio washike kama bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Kisa hicho hupendwa kwa utamu wake. Mimi naona zaidi kinachosema kuhusu mwisho wa vita: dola iliyoshindwa ilikuwa imesambaratika, imezaliwa upya, imepigana vita nyingine na kugawanywa, na bado mtu wa Tanganyika anatakiwa kujithibitisha kwa kazi ya ujana wake. Wapagazi wa Kiingereza nao hawakutendewa vizuri zaidi. Mishahara ya waliokufa ikazua mabishano ya miaka kati ya serikali za Afrika Mashariki na London, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa.

Mnada

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, uliiondolea Ujerumani makoloni yote kwa kifungu cha 119. Kabla ya hapo, Mei 30, Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamekubaliana kati yao kwamba Ruanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji. Wareno wakapewa kona ya Kionga, kusini ya Ruvuma. Kwa watu wa mpakani, hapo ndipo vita ilipoisha, kwa mstari.

Kwa Tanga mstari muhimu ulipita kwenye hati za mashamba. Nchi iliyozunguka Tanga, Pangani na Muheza ilikuwa mama wa mkonge. Mimea ya kwanza, 62 iliyonusurika safari kutoka Florida, ilioteshwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Mali yote ya Wajerumani iliwekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui, na kuanzia miaka ya 1920 na 1921 mashamba yakapigwa mnada. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Wagiriki, Wahindi na Waingereza wakanunua, mengine kwa bei ya kutupa. Mbondei au Mdigo ambaye babu yake alilima ardhi hiyo hiyo kabla ya Hindorf hakuwa na mtaji wa kusimama mnadani, na hakuna aliyefikiri kwamba shamba lililochukuliwa na Mjerumani lingerudi kwa mwenyewe.

Fedha nazo zilibadilika mikononi mwa watu. Noti za muda ambazo Wajerumani walizichapa wakati wa vita, walizolipia vyakula na kazi, zikapoteza thamani. Rupia ikafuatwa na florini mwaka 1920, florini ikafuatwa na shilingi mwaka 1921. Anayejua soko la Tanga anajua nani huumia fedha zinapobadilishwa mara tatu kwa miaka michache: asiye na benki.

Bandari pia ilipoteza. Wakati wa vita Waingereza walijenga reli kutoka Voi mpaka Kahe ili kupeleka majeshi. Vita ikaisha, reli ikabaki, na mizigo ya Moshi na Kilimanjaro iliyokuwa ikiteremka Tanga ikapata njia ya kwenda Mombasa. Reli ya jeshi ikaamua ushindani wa bandari mbili kwa miaka mingi iliyofuata.

Na panzi mwenyewe alirudi. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kuingia tena Tanganyika, wakayanunua tena mashamba, hasa Tanga na Usambara, wakisaidiwa na fedha kutoka kwao. Vita ya pili ilipoanza Septemba 1939 walikamatwa, na mali yao ikarudi kwa msimamizi wa mali ya adui. Kwa upande wa mashamba ya mkonge ya Tanga, basi, vita ya 1914 na ile ya 1939 zinaonekana kama kesi moja iliyoahirishwa katikati.

Mlango mdogo wa udhamini

Ingekuwa upotoshaji kuishia hapo, kana kwamba watu wa Tanga hawakupata chochote. Tofauti na Kenya, ambayo mwaka 1920 ilifanywa koloni kamili la Mfalme, Tanganyika haikupewa Uingereza iwe mali yake. Ilikabidhiwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, uliothibitishwa tarehe 20 Julai 1922. Mdhamini alitakiwa kutoa taarifa kila mwaka Geneva na kukomesha utumwa. Wajerumani walikuwa wametangaza tu kwamba watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Sheria ya kuufuta utumwa moja kwa moja ilipitishwa mwaka 1922, na kwa mji kama Pangani, wenye mashamba ya zamani ya minazi na miwa, lilikuwa jambo la uzito.

Mwaka huohuo, Tanga, Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Kilikuwa chama cha makarani waliotaka mishahara bora, gazeti la kusoma na mahali pa kukutana, lakini kilikubali Wakristo na Waislamu, Wabondei na waliotoka Nyasa. Kilikuwa miongoni mwa mizizi ya African Association, na kutokana na hiyo ikaja TANU. Mwaka 1931 Kayamba alikuwa London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira, wakitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kupinga Tanganyika kuunganishwa na Kenya. Hoja hiyo ilisimama kwa sababu nchi ilikuwa na hadhi ya pekee.

Baada ya vita ya pili udhamini ukahamia Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, New York. Aliingia kwa mlango ambao washindi wa 1918 waliuweka ili kuficha aibu ya kugawana nyara. Hawakuukusudia utumike hivyo. Kumbe hata maandishi ya unafiki yakishatiwa saini yanaweza kudaiwa, mradi awepo wa kuyadai.

Tulipokuwa sisi washindi

Tusimalizie kwa wakoloni peke yao. Tarehe 11 Aprili 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliiteka Kampala. Wiki mbili kabla, makundi ya Waganda yalikutana Moshi, kwenye reli ileile ya Tanga, yakaunda umoja wao, UNLF, ili pawepo serikali ya kupokea nchi. Hapo Tanzania ilitambua kanuni ya Wissmann: lazima awepo mtu wa kuzungumza naye.

Hata hivyo Idi Amin, mtawala wa Uganda aliyeangushwa, hakusalimu amri. Alikimbia, na jeshi lake likayeyukia West Nile, Sudan na Zaire na bunduki mkononi. Rais Yusuf Lule, aliyewekwa na UNLF, aliondolewa baada ya siku 68. Majeshi yetu yalikaa mpaka mwaka 1981, na kabla hayajamaliza kuondoka vita vya msituni vya Yoweri Museveni vilikuwa vimekwisha anza. Linganisha na Japani mwaka 1945: mfalme alibaki, akawaamuru watu wake waweke silaha chini, wakatii, na Wamarekani waliotawala pale mpaka Aprili 1952 walipitishia amri zao kwa watumishi wa serikali ya Kijapani. Ushindi Uganda ulikuwa kamili zaidi, amani ikawa pungufu, kwa sababu upande ulioshindwa haukubakiwa na mtu mwenye neno.

Hukumu

Kutokana na miaka hiyo, vita huisha pale maswali matatu yanapojibiwa. Nani aliyeshindwa mwenye neno linalosikika, na je, amelisema? Nani amechukua mali, na kwa haki gani? Na wale waliobeba mizigo wamelipwa? Mbala ilijibu swali la kwanza. Versailles na minada ya Tanga ilijibu la pili, vibaya. La tatu lilijibiwa kwa karatasi. Ukisikia leo kwamba mapatano yametiwa saini Kongo mashariki au Sudan, yapime kwa maswali hayo kabla ya kushangilia.

Tanga ina makaburi ya Wajerumani na askari wao waliokufa Novemba 1914, ina kumbukumbu ya wanajeshi wa Kihindi na wa Kiingereza, mjini na Jasini pia. Kaburi la mpagazi lenye jina lake ni shida kulipata. Lakini katika masanduku ya familia za Muheza, Korogwe, Pangani na Mkinga huenda bado vimo vyeti, noti za zamani, risiti za kodi na barua za miaka hiyo. Mwenye navyo asivitupe. Avipeleke vikapigwe picha na kuandikwa kwa Urithi Tanga, wenye makumbusho yao katika Boma la zamani, na awaandikie wanawe jina la babu, alikotoka, alibeba mzigo wa nani na kama alilipwa.